Vichupa vya Hewa vya Bwana Afya

Kila mtu Makambako alimwita Bwana Afya, na mimi nitamwita hivyo hivyo. Jina lake nalijua, lakini cheo kilimkaa vizuri kuliko jina. Hata mkewe, chakula kikiwa tayari, alisimama mlangoni na kusema, "Bwana Afya, ugali unapoa," naye akaitika bila kuona ajabu.

Kitu cha kwanza ambacho mtu alikiona kwake ni uzi. Alikuwa na baiskeli ya Kichina, na kwenye usukani wake alifunga uzi mwekundu wa kufumia. Watu wengine wakifika mahali husalimia kwanza. Yeye alishuka, akautazama uzi unaelekea wapi, ndipo akasalimia. Wazee wa Kibena, ambao kwao salamu haina haraka, walimwona ana kasoro ya malezi.

"Kamwene, Bwana Afya," walimwambia kwa sauti ya kumkumbusha.

"Kamwene. Upepo umegeuka."

"Sisi hatujageuka. Habari za nyumbani?"

Hapo alicheka, akavua kofia, na salamu ikaanza upya kutoka mwanzo mpaka mwisho, ng'ombe na mahindi wakiwemo.

Mimi ni fundi seremala. Nilianza kumjua aliponijia na kipande cha karatasi chenye mchoro wa kibanda kidogo cha mbao, kisicho na kuta, chenye paa la ukubwa wa kitabu. Nilidhani ni cha njiwa. Aliponieleza kazi yake sikuelewa, nikamwomba aeleze tena. Alieleza tena, polepole, hakuchoka. Kwa mtu kama mimi niliyeishia darasa la saba na kujifunza mengine yote kwa kusoma vitabu vya kuazima, mwalimu asiyechoka ni mali. Nilimtengenezea vibanda vile kwa miaka kadhaa, na kila kimoja alikirudisha angalau mara moja.

"Fundi, paa limeinama."

"Limeinama kidogo ili maji yateremke, Bwana Afya."

"Limeinama upande wa ukuta. Maji yatateremkia wapi? Kwenye pua ya kichupa."

Alikuwa sahihi, nami nikalirekebisha nikinung'unika.

Nieleze sasa hivyo vichupa, maana bila hivyo mtu huyu haelezeki. Kila kimoja kilikuwa kibomba cha plastiki kirefu kama kidole cha kati, kimefungwa kwa kifuniko kila upande. Ndani, upande wa juu, kulikuwa na kiwavu cha chuma kilicholoweshwa dawa. Ukitaka kupima hewa, unakitundika kichupa wima chini ya paa la kibanda, unatoa kifuniko cha chini, unaondoka. Hakuna umeme, hakuna pampu, hakuna kelele. Gesi inayotoka kwenye moto mkali na kwenye mabomba ya magari inaingia yenyewe kwa mdomo wa chini, inapanda taratibu, inanaswa na ile dawa. Baada ya wiki kadhaa unarudi, unakifunga, unakipeleka maabara, na maabara inakuambia kimekula kiasi gani. Neno "kimekula" ni lake. Mkemia mmoja wa Dar es Salaam, ambaye alikutana naye kwenye mafunzo, alikubali kumtumia vichupa kwa treni na kumsomea vikirudi. Kabla ya kutundikwa vilitakiwa kukaa mahali pa baridi. Kwa hilo hatukuhitaji friji. Chumba chochote cha Njombe mwezi wa Juni kilitosha.

Katika kila boksi kulikuwa na kichupa kimoja ambacho hakikufunguliwa kamwe. Kilisafiri na wenzake kwenda na kurudi, kikiwa kimefungwa pande zote. Bwana Afya alikiita shahidi. "Huyu akisomwa akakutwa amekula," aliniambia, "basi ujue safari nzima ina mwizi, na wengine wote usiwaamini."

Kazi hiyo haikuwa ya mshahara wake. Mshahara wake ulikuwa wa kukagua vyoo, machinjio na hoteli za stendi. Huko alikuwa mtu wa kuogopwa. Mama ntilie wakimwona anakuja walianza kufunika vyungu hata vile vilivyokuwa tupu. Alikunja mikono ya shati, akainama, akachungulia chini ya meza ambako hakuna mteja aliyewahi kuchungulia. Lakini sikumsikia hata siku moja akimfokea mtu. Alisema tu alichokiona. "Dada, sahani hizi zimeoshwa kwa maji ya jana." Dada akikana, aliuliza, "Unataka tuyanuse pamoja?" Hakuna aliyetaka.

Na bado mtu huyo huyo, mkaguzi wa vikombe vya watu, Jumapili baada ya ibada alionekana kilabuni akinywa ulanzi. Ulanzi wa kwetu hunywewa kwa kupokezana chombo. Yeye alikwenda na kikombe chake cha bati ndani ya mfuko wa koti, akawa anamiminiwa humo. Walimtania sana.

"Bwana Afya anaogopa midomo yetu!"

"Siiogopi midomo yenu. Naifahamu."

Alivuta sigara pia. Hili wengi hawakulielewa, na mimi sikulielewa. Mtu aliyekuwa tayari kuendesha baiskeli kwa nusu siku ili ajue hewa ina nini, aliwasha sigara akiwa amesimama chini ya kichupa. Hapana, si chini yake. Alitazama kwanza uzi, akahamia upande ambao moshi wake hautakifikia, ndipo akawasha. Mkewe, aliyekuwa muuguzi, alisema mbele ya wageni, "Mume wangu anapima hewa ya watu. Ya kwake anajua tayari ilivyo." Alipoambiwa hivyo alitabasamu, wala hakuacha.

Sasa nije kwenye kiwanda, maana ndicho kilichompa jina kubwa, na ndicho kilichokaribia kumvunjia.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, mashirika ya umma yalipokuwa yakiuzwa na maduka yakijaa vitu ambavyo tulikuwa tumeshasahau rangi zake. Makambako ilikuwa ikikua kila ukiamka asubuhi. Malori ya Mbeya, ya Songea na ya Dar es Salaam yote yalipita hapo, na gereji ziliota kando ya barabara. Kulikuwa na kiwanda cha kukamua mafuta ya alizeti kilichokuwa cha ushirika. Kiliuzwa kwa mtu binafsi, akaweka meneja kijana, mwenye bidii, mwenye shati safi siku zote. Enzi ya ushirika boila ya kiwanda ilichoma kuni. Meneja aligundua kwamba gereji zina oil chafu isiyo na kazi, karibu bure. Akabadili boila ichome oil chafu.

Moshi ulikuwa mweusi na mzito. Asubuhi za baridi haukupanda. Ulitoka kwenye bomba, ukalala, ukateremka polepole mpaka nyumba za upande wa chini, mtaa wa Lyamkena, ukakaa huko mpaka jua likolee. Nguo nyeupe za kanisani zilianikwa ndani. Watoto walikohoa, na akina mama waliwabeba kwenda zahanati na kurudi nao wakikohoa vile vile. Kuna waliowapeleka mpaka hospitali ya Ikonda, safari ya siku nzima. Watu wa chini walitaka jambo moja tu, kiwanda kiache oil chafu. Meneja naye alikuwa na jibu moja tu: Makambako kuna vumbi, kuna malori, kuna baridi. Nani amethibitisha kwamba ni moshi wangu?

Bwana Afya alisema, "Nitathibitisha, au nitathibitisha kwamba si wewe. Sijui bado." Nilikuwepo. Watu walisikia nusu ya kwanza ya maneno yake, ya pili ikawapita.

Alichagua nyumba za chini, akachagua pia sehemu za juu ambako moshi haukufika: uwanja wa kanisa na nyuma ya shule. Nilisimika nguzo na kupigilia vibanda. Kila nyumba alikaa na mwenyeji, akanywa chai, akatoa kichupa mfukoni kama mtu anayetoa yai, akasema, "Hiki ni kitu cha thamani. Kimetoka mbali. Nakiacha mikononi mwako kama mgeni wangu. Kitunze." Nakumbuka maneno hayo kwa sababu aliyarudia kila nyumba bila kubadili hata moja.

Siku za kukusanya zilipofika alituma habari mapema. Tulipita nyumba kwa nyumba na kukuta kila kichupa kikining'inia pale pale tulipokiacha. Vichupa vya upande wa chini vilikuwa na utando mwembamba wa kahawia kwa nje. Alivigeuza kwenye mwanga, na ndiyo mara pekee niliyomwona na furaha kazini. "Masizi, fundi," aliniambia. "Unaona? Masizi ya bomba lile."

Majibu yalipokuja yalikuwa makubwa kuliko alivyotarajia. Vichupa vya kanisani na shuleni vilikuwa vimekula kidogo. Vya nyumba za chini vilikuwa vimeshiba. Tofauti ilikuwa ya wazi kiasi kwamba mtu yeyote angeiona. Na shahidi alikuwa msafi.

Mkutano uliitishwa kwenye darasa la shule ya msingi, mchana. Mwenyekiti wa mtaa alikaa mbele, meneja kando yake, Bwana Afya ubaoni na chaki. Watu walijaa mpaka madirishani. Aliandika namba za juu, akaandika namba za chini, akaeleza. Meneja aliangalia viatu vyake. Mwenyekiti alikuwa ameshafungua kinywa kusema kwamba kata sasa itamwandikia mwenye kiwanda, aache oil chafu mara moja.

Ndipo bibi mmoja akasimama. Alikuwa mjane, mkulima, nyumba yake ya kwanza kabisa chini ya ukuta wa kiwanda, akilea wajukuu. Alitaka kushukuru.

"Mimi nasema asante kwa Bwana Afya," alisema. "Alituamini akatuachia mgeni wake. Nami sikumwangusha. Mvua haikumgusa hata siku moja. Nilimwingiza ndani jioni ile ile, nikamtundika jikoni juu ya moto, pamoja na mbegu zangu za mahindi. Hata panya hamfikii huko. Mlipotuma habari kwamba mnakuja, nikamrudisha nguzoni."

Watu wa kwetu hawahitaji kuelezwa. Kitu cha thamani katika nyumba ya mkulima wa Njombe kinakaa juu ya jiko, kwenye moshi, ambako wadudu hawathubutu. Mbegu ya mwakani inakaa huko. Kukiacha kitu cha mgeni nje usiku kwenye baridi na mvua, hilo lingekuwa jambo la aibu.

Bwana Afya alibaki na chaki mkononi. Akauliza, kwa sauti ile ile ya kukagua sahani, "Nani mwingine alimwingiza ndani?"

Mikono ikapanda. Ikapanda kwa fahari, mmoja baada ya mwingine, karibu nyumba zote za chini. Mzee mmoja aliongeza kwamba yeye alikifunga kwa kitambaa pia. Meneja alianza kucheka. Mwanzoni alijizuia, kisha akashindwa.

Pale angeweza kusema mengi. Angeweza kusema kwamba moshi wa kiwanda unaingia jikoni pia. Angeweza kusema tutajadili baadaye. Mimi niliyekaa mbele nilimwombea aseme lolote kati ya hayo. Alichukua kifutio, akafuta namba za chini, zote. Akaziacha za kanisani na shuleni, akazitazama, akazifuta na zenyewe.

"Namba hizi ni za meko yenu," alisema. "Kuhusu kiwanda bado sijui chochote."

Kelele ilikuwa kubwa. "Bwana Afya, unatumaliza!" alisema mwenyekiti. Dereva mmoja wa lori alipaza sauti kutoka dirishani, "Amelishwa mafuta ya alizeti huyu! Mwangalieni midomo inavyong'aa!" Watu walicheka kwa hasira, kicheko ambacho hakimfurahishi mtu. Meneja alitoka akiwa amenyoosha mgongo. Yule bibi alikuwa bado amesimama. Hakuelewa alichokosea, ila aliona namna majirani wanavyomtazama.

Mimi pia nilikasirika. Njiani nilimwambia, "Ungenyamaza leo, kesho tungerekebisha."

"Kesho ningerekebisha nini? Meneja angeshaacha oil chafu kwa sababu ya jiko la bibi. Halafu siku moja mtu angemwambia."

"Na watoto wanaokohoa?"

Alisukuma baiskeli hatua kadhaa. "Hao ndio sababu," alisema.

Asubuhi iliyofuata alinichukua tukaenda kwa yule bibi. Tulimkuta akichambua maharage, uso umevimba kwa kulia. Majirani wawili walikuwa wamempita bila kumsalimia. Bwana Afya hakutazama uzi siku ile. Alisalimia kwanza, akakaa kwenye kigoda.

"Kosa ni langu, Bibi. Nilikwambia umtunze."

"Sasa ulitaka nimtunze nje, kama mbwa?"

"Ndiyo. Nilitaka hivyo, lakini sikusema. Na masizi niliyaona kwa macho yangu, nikayapenda, sikuyauliza yametoka wapi."

Bibi alimwangalia. "Umesoma, lakini hujui mgeni analala wapi."

"Nafundishwa sasa."

Akaendelea kuchambua. Kisha akasema, bila kuinua macho, kwamba hata akiambiwa namna gani, usiku wa mvua kubwa mkono wake utafungua mlango na kukichukua. Anajijua. Bwana Afya akafikiri, akasema basi ataleta viwili. Kimoja kitalala jikoni na mbegu, kitunzwe kama mgeni anavyotunzwa. Kingine kitabaki nje juu ya nguzo, na hicho si mgeni, ni mlinzi.

"Mlinzi halali ndani," alisema bibi.

"Halali ndani."

"Hapo sawa. Ungeanza na hilo."

Kwa hiyo duru ya pili ilikuwa na vichupa maradufu. Mkemia wa Dar es Salaam alilalamika, kisha akatuma. Safari hii Bwana Afya hakurudia maneno yale yale kila nyumba. Alimwomba kila mwenyeji arudie yeye, kwa maneno yake, nini kinakaa ndani na nini kinakaa nje, na hakuondoka mpaka aridhike. Pia alipita bila kutoa habari, saa yoyote, akiangalia nguzo. Nyumba moja tu alikuta mlinzi ameingizwa ndani, na hicho alikiondoa kwenye hesabu pale pale, mwenye nyumba akimwona.

Majibu ya duru ya pili hayakuwa ya kushangilia. Vichupa vya nje upande wa chini vilikuwa vimekula zaidi ya vya kanisani na shuleni, kila nyumba iliyobaki kwenye hesabu, bila kuacha hata moja, na kadiri nyumba ilivyokuwa karibu na kiwanda ndivyo kichupa chake kilivyoshiba. Lakini vya jikoni vilivizidi vyote.

Kabla ya mkutano wa pili mwenyekiti alimshauri asisome vya jikoni. Alivisoma. Vilikuwa ubaoni, safu ya tatu, kwa maandishi ya ukubwa ule ule.

Meneja aliruka juu. "Mnaona! Basi wazime meko yao kwanza, halafu waje kwangu!"

"Moto wa jikoni anauwasha mwenye nyumba," alisema Bwana Afya, "na nitamfuata huko huko jikoni tuongee dirisha na bomba la kutolea moshi. Anaweza kuuzima akitaka. Huu wa kwako, kiberiti chake hawana."

Yule dereva wa lori akapiga dirisha kwa kiganja. "Hapo sasa!"

Meneja alikaa. Sikumpenda kijana yule, lakini nitamtendea haki. Aliangalia ubao, kisha akasema kitu ambacho hakuna aliyekitarajia. "Mara ile ulifuta namba zilizokuwa zimenishika shingo. Leo siwezi kusimama hapa niseme unanionea." Akaomba apewe muda, akazungumze na mwenye kiwanda. Hakuahidi.

Muda ule ulikuwa mrefu. Masika yalipita. Na katikati yake serikali ilianza kupunguza wafanyakazi, orodha ikabandikwa, na Bwana Afya alikuwamo. Hakulalamika mbele yangu. Alirudisha funguo, akafunga mizigo, akahamia Njombe kwenye shamba la mkewe, akalima viazi. Watu wa chini walisema mambo yameisha. Bomba liliendelea kutoa moshi, kisha siku moja ukawa si mweusi tena. Ulikuwa wa kijivu, mwepesi. Meneja alitangaza kwamba boila sasa inachoma maganda ya alizeti, na bomba limeongezwa urefu. Lyamkena hawakumwamini. Walisema anachoma maganda mchana na oil chafu alfajiri. Akaleta karatasi zake, wakasema karatasi hata wao wanaweza kuandika. Wao wakaleta watoto wao, meneja akasema watoto hukohoa kila mahali. Mwishowe walikubaliana jambo moja, nalo lilinishangaza kwa kuwa pande zote mbili zililisema kwa maneno yanayofanana: vichupa vitundikwe tena, na avitundike Bwana Afya. Si mwingine.

Nilitumwa mimi. Nilimkuta shambani nje kidogo ya Njombe mjini, ameinama kwenye matuta, koti limejaa udongo. Alikuwa amekonda, na nywele zilikuwa zimegeuka nyeupe haraka kuliko umri wake. Nilimweleza. Alisikiliza huku akiendelea kung'oa magugu.

"Mimi si Bwana Afya tena, fundi. Yupo mwingine ofisini, kijana mzuri. Mwambieni yeye."

"Tulimwambia. Anasema atakushikia ngazi, upande wewe."

"Nitakwenda kwa cheo gani?"

Nikamwambia ukweli, kwamba hakuna aliyeuliza cheo. Mkewe alikuwa amesimama ukingoni mwa shamba na kikapu. "Nenda," alisema. "Viazi havikimbii. Na mimi nipumzike na moshi wako."

Tulifika Makambako mchana, mawingu yameanza kujikusanya. Alianza kiwandani. Meneja mwenyewe alimfungulia geti, wakazunguka uwanja, meneja akionyesha mahali kwa kidole na Bwana Afya akikataa.

"Hapa?"

"Hapo ukuta unazuia upepo."

"Basi hapa."

"Hapo lori lako linaegesha. Tutapima lori."

Mwisho alichagua mahali ambapo meneja hakupataja, akamwomba yule kijana wa afya, aliyekuja na ngazi, apande yeye na afungue kifuniko mwenyewe. Alisimama chini akimwelekeza mpaka kikakaa wima.

Kisha mimi na Bwana Afya tukashuka kwa bibi. Alikuwa ametusubiri. Nguzo aliisimika mwenyewe na wajukuu, katikati ya uwanja, mbali na paa, mbali na jiko, mbali hata na mti wa parachichi. Bwana Afya aliizunguka. Aliitikisa. Alipima kwa macho umbali wake na ukuta. Nilijua anatafuta kasoro, na nilimwona anavyoikosa.

"Sina la kubadilisha," alisema.

Akatundika kichupa cha nje, akamkabidhi bibi cha ndani, bibi akakiingiza jikoni bila kuuliza. Alipotoka, matone ya kwanza yalikuwa yameanza kuanguka, makubwa na ya baridi. Sote watatu tukakimbilia barazani. Mvua ikaongezeka. Kule katikati ya uwanja kichupa kilikuwa kikitikisika chini ya paa lake dogo.

Bibi alikitazama. Alipiga hatua moja mbele, akasimama. Akaikunja mikono yake ndani ya khanga, akaishikilia huko.

"Inaniuma, Bwana Afya," alisema. "Kumwangalia hivi hivi."

"Najua, Bibi."

"Hata kama ni mlinzi."

"Hata kama ni mlinzi," alisema, akasogea kumpisha aketi, na tukakaa pale barazani tukakiacha nje.